Demo za Jeff Buckley: maneno ya vijiweni na ukweli wenyewe

Mashabiki wa rock hapa Dar tuko wachache na tunajuana, ukikaa Sinza au Kinondoni na washkaji wanaopiga gitaa jina la Jeff Buckley, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, lazima litajwe, na likishatajwa inakuja ile albamu ya You and I iliyotoka 2016, miaka karibu 19 baada ya kifo chake, halafu yanaanza maneno ambayo mengi sio kweli kabisa. Naipenda sana hii albamu na inaniuma ikisikilizwa kwa stori za uongo.

Kubwa kuliko yote ni hili la kwamba eti ndo nyimbo zake za mwisho, kama wosia vile. Hapana jamani. Jeff alizama Memphis tarehe 29 Mei 1997 akiwa na miaka 30, ila hizi rekodi ni demo, yaani za majaribio tu, za Februari 1993, New York, studio inaitwa Shelter Island Sound, kwenye mitambo yupo Steve Addabbo. Yaani hata Grace, albamu pekee ya studio aliyowahi kuimaliza, ilikuwa haijaanza kurekodiwa, ile imetoka Agosti 1994. Kwahiyo humu unamsikia kijana wa miaka 26 aliyesaini na lebo ya Columbia miezi michache tu nyuma, na lebo wenyewe hawajajua wamtoe na albamu ya aina gani manake alikuwa anaimba kila kitu, wakaona wamuingize studio na gitaa lake aimbe anachopenda. Ukishazishika hizo tarehe huwezi tena kusikia msiba kwenye kila mstari, unasikia mtu anajaribu vitu na anavifurahia. Anayetaka kazi zake za mwisho akatafute Sketches for My Sweetheart the Drunk ya 1998, cd ya pili, kuna vitu alivyojirekodia mwenyewe nyumbani Memphis.

Halafu kuna wanaosema "ah, kopi tupu hizo". Ni kweli nyimbo ziko 10 na 8 ni za watu wengine, na hapa mjini bendi ikipiga kopi hotelini watu wanaichukulia poa tu. Ila kaa chini usikilize Everyday People, ngoma ya Sly and the Family Stone, kwao ni bendi nzima, drums, tarumbeta, waimbaji wanapokezana, huyu ana gitaa moja na koo lake na bado wimbo umesimama. Au I Know It's Over ya The Smiths, anaivuta taratibu mpaka unasahau ina mwenyewe. Kwangu mimi hapo ndo alipojifunza kupanga wimbo, na hata Hallelujah iliyompa jina ni kopi vilevile, ni ya Leonard Cohen ya 1984 na yeye akafuata zaidi ile ya John Cale ya 1991.

Eti demo lazima isikike vibaya? Sisi demo tunayoijua ni ile unapiga chumbani unaweka kwenye flash unampelekea mtangazaji, ila hii ilirekodiwa studio ya maana na sauti ni safi. Ambayo haijakamilika kweli ni Dream of You and I, humo anapiga gitaa huku anaongea, anaelezea ndoto ambayo wimbo ulimjia nayo, maneno bado hana, anaguna guna tu kutafuta melodi, na ndo naipenda kuliko zote.

Kuhusu kifo: madawa hapana, kujiua hapana. Aliingia kuogelea kwenye mto, Wolf River, na nguo zake, na mabuti, ikahesabiwa ajali. Watu wanamchanganya na baba yake, Tim Buckley, ambaye ndiye aliyekufa kwa madawa mwaka 1975 akiwa na miaka 28.

La mwisho ni kwamba lebo imemwibia marehemu. Msimamizi wa mali zake ni mama yake mzazi, Mary Guibert, na hakuna kinachotoka bila yeye. Ila kama Jeff mwenyewe angekubali tusikie hizi demo hilo ni swali halali kabisa, manake hakuzichagua yeye wala hakuzipanga yeye, na hilo tukibishana mpaka usiku mimi nipo.