Kipimo kizuri cha mifupa hakimaanishi kwamba hatari haipo

Wengi huamini kwamba hatari ya kuvunjika mfupa hujulikana kwa mashine ya kupima msongamano wa mifupa pekee, na kwamba ambaye alama yake (T-score, inayolinganisha mifupa yake na ya kijana mwenye afya) haijashuka hadi −2.5, mpaka wa ugonjwa wa mifupa dhaifu (osteoporosisi) uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, hana la kuhofia. Sivyo. Wengi wanaovunjika kwa mwanguko mdogo huwa hawajafikia mpaka huo.

Katika huduma za afya ya msingi, tathmini huanza kwa maswali. Kikokotoo cha FRAX, kilichotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, hukadiria hatari ya miaka 10 ijayo hata pasipo mashine, kwa kuzingatia umri, jinsia, uzito, urefu, mfupa uliowahi kuvunjika, mzazi aliyevunjika nyonga, sigara, pombe, baridi yabisi na dawa za steroidi.

Tuchukue mama wa miaka 68 anayemeza prednisoloni, mojawapo ya dawa hizo za steroidi, kwa miezi kadhaa, ambaye amejikwaa kizingitini akavunjika kifundo cha mkono. Mara nyingi mkono hufungwa plasta, naye huruhusiwa kwenda nyumbani bila yeyote kuuliza kwa nini mfupa uvunjike kwa mwanguko wa kimo chake tu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo nafasi kubwa ya kuokoa nyonga yake inapopotea. Tena fomu ya kawaida ya FRAX haiulizi kuhusu mianguko, hivyo mhudumu amuulize mwenyewe: ameanguka mara ngapi mwaka huu, anaona vizuri, na je, anatumia dawa za usingizi?