Wapokeaji wa msimu upi walikuwa wakali zaidi? Dhana potofu na ukweli wake

Msimu wa NFL, ligi kuu ya soka la Marekani, ukikaribia, ubishi ni ule ule. Wapokeaji wa mwaka huu wanawazidi wa mwaka jana? Wa 2007 wangewafunika wa 2011? Mmoja anatoa simu, anasoma yadi, wenzake wananyamaza. Lakini yadi za mpokeaji hazitoki mikononi mwake peke yake. Yupo aliyeurusha mpira, wapo waliomkinga mrushaji asiangushwe, yupo kocha aliyeamua timu irushe mara ngapi, na yupo mwenzake wa upande wa pili aliyewavuta mabeki wakamsahau yeye.

Mfano wetu mkuu ni New England Patriots wa kati ya 2006 na 2011. Timu ile ilibadilika kipande kimoja kimoja: mara wapokeaji wapya kwa mrushaji yule yule, mara mrushaji mpya kwa wapokeaji wale wale. Kwa waliozoea soka zaidi: kwotabeki ndiye mrushaji, mpokeaji ndiye anayekimbia kuudaka mpira, yadi zake ni umbali ambao timu inasogea mbele kwa mipira aliyodaka, na tachidauni ni kuufikisha mpira eneo la mwisho kwa pointi 6.

Dhana: Mwenye yadi nyingi ndiye mwenye kipaji

Mwaka 2006 Randy Moss, akiwa Oakland Raiders, alidaka mara 42 kwa yadi 553 na tachidauni 3. Raiders walishinda mechi 2 wakapoteza 14, na wengi wakasema Moss kaisha. Aprili 2007 Patriots walimchukua kwa chaguo moja tu la raundi ya nne ya drafti, ile zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya kila mwaka. Msimu huo alidaka mara 98, yadi 1,493, tachidauni 23, na hizo 23 ni rekodi ya ligi. Mtu ni yule yule, tena kaongeza mwaka mmoja wa umri. Kilichobadilika ni mrushaji, Tom Brady, na ukuta uliokuwa mbele yake.

Septemba 2008, mechi ya kwanza kabisa, Brady aliumia goti dhidi ya Kansas City Chiefs na msimu wake ukaishia hapo. Aliyeingia ni Matt Cassel, ambaye hakuwa ameanza mechi kama kwotabeki tangu shule ya sekondari. Moss akashuka hadi mara 69, yadi 1,008 na tachidauni 11. Wes Welker, mwenzake, hakutikisika: kutoka mara 112 hadi 111, kutoka yadi 1,175 hadi 1,165.

Kwa nini mmoja aanguke na mwingine abaki palepale? Kazi ya Moss ilikuwa mpira mrefu. Mpira mrefu unahitaji sekunde za ziada, na Cassel aliangushwa mara 47 msimu ule, ilhali Brady wa 2007 aliangushwa mara 21 tu. Welker alisimama karibu na katikati, anakata hatua chache na mpira unamfikia kabla mabeki hawajafika kwa kwotabeki. Kwa hiyo kwotabeki anapobadilika, usiwakate wapokeaji wote asilimia sawa. Uliza kwanza kila mmoja anadakia umbali gani.

Dhana: Wapokeaji ni pambo, kwotabeki mzuri hutosha

Hapa takwimu zimetupa zawadi. Brady wa 2006 alirusha pasi 516. Cassel wa 2008 naye alirusha pasi 516.

Brady wa 2006 alikuwa ameachiwa wapokeaji wa kuungaunga. Deion Branch aliuzwa Seattle Septemba ile, na aliyeongoza kwa kudaka alikuwa Reche Caldwell, mara 61 kwa yadi 760. Aliyemfuata, Benjamin Watson, alikuwa na yadi 643. Mwisho wa msimu Brady alikuwa na yadi 3,529, tachidauni 24, na pasi 12 zilizonaswa na wapinzani. Cassel, akiwa na Moss na Welker: yadi 3,693, tachidauni 21, zilizonaswa 11.

Soma tena namba hizo. Mmoja wa warushaji bora kabisa katika historia ya mchezo, akiwa na wapokeaji wa kawaida, alitoa karibu kile kile alichotoa mwanafunzi mwenye wapokeaji wawili wakali. Pengo la vipaji vya kudaka kati ya 2006 na 2008 lilikaribia kulingana na pengo la Brady na Cassel, na hilo si pengo dogo. Tahadhari moja: ratiba ya 2008 iliwapa Patriots timu za makundi mawili ya magharibi, na makundi hayo yalikuwa mepesi mwaka ule, bingwa wa moja alimaliza kwa ushindi 8 na vipigo 8. Punguza kidogo, lakini usifute.

Dhana: Wa zamani walidaka mara 60 tu, hawalingani na wa leo

Hii ndiyo dhana inayoharibu ubishi mwingi, kwa hiyo tukae nayo.

Mwaka 1978 Pittsburgh Steelers walitwaa ubingwa wakiwa na Lynn Swann na John Stallworth. Swann: mara 61, yadi 880, tachidauni 11. Stallworth: mara 41, yadi 798, tachidauni 9. Waweke kando ya Moss na Welker wa 2007 na wanaonekana watoto. Lakini kwotabeki wao, Terry Bradshaw, alirusha pasi 368 msimu mzima. Brady wa 2007 alirusha 578. Misimu yote miwili ilikuwa ya mechi 16.

Sasa gawanya. Chukua yadi za mpokeaji, gawa kwa pasi zote za kwotabeki wake, si zile alizorushiwa yeye tu. Swann anapata 2.39, Stallworth 2.17, jumla yao 4.56. Moss anapata 2.58, Welker 2.03, jumla 4.62. Wamekaribiana kiasi kwamba hata mechi moja mbaya ingebadilisha mpangilio. Tachidauni nazo: Swann na Stallworth 20 katika pasi 368, yaani moja kila pasi 18. Moss na Welker 31 katika pasi 578, moja kila pasi 19 hivi. Steelers wanaongoza kwa unywele.

Na hapo bado hujagusa sheria. Mwaka ule ule wa 1978 ndipo NFL ilipowazuia mabeki kumsukuma mpokeaji akishapita yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia, na kuwaruhusu wazuiaji wa mbele kunyoosha mikono na kufungua viganja. Kwa hiyo Swann na Stallworth walifaidi mwanzo wa sheria mpya, lakini mbele ya mabeki waliokuzwa na ile ya zamani. Mwaka 2004 waamuzi waliagizwa kuikaza zaidi sheria hiyo, na Moss na Welker wakacheza humo. Pia mwaka 1978 kwotabeki alivumiliwa kubahatisha: Bradshaw alinaswa pasi 20, Brady wa 2007 alinaswa 8. Mpira wa kubahatisha ndio uliomfanya Stallworth awe na wastani wa yadi 19.5 kila alipodaka. Kocha wa leo asingeruhusu nusu ya pasi zile zirushwe.

Kipimo hiki nacho kina kasoro yake. Humpendelea mpokeaji ambaye wenzake ni dhaifu, maana mpira wote unamfuata yeye. Calvin Johnson wa Detroit Lions mwaka 2012 aliweka rekodi ya yadi 1,964, lakini Matthew Stafford alirusha pasi 727, nyingi kuliko kwotabeki yeyote kabla yake. Ukigawa unapata 2.70: bado ni kubwa mno, ila si ule mlima unaouona kwenye 1,964. Lions walishinda mechi 4 tu. Ndiyo maana katika kupima timu, jumla ya wawili au watatu wa juu inaeleza zaidi kuliko namba ya mmoja. Wawili waliovuka 2.0 pamoja katika timu moja, kama wale wa 1978 na 2007, ni jambo la nadra.

Usijisumbue kutafuta idadi ya pasi alizolengwa kila mpokeaji wa miaka ya 1970. Kumbukumbu za kuaminika za kipimo hicho zinaanza miaka ya 1990, na ndiyo sababu tunagawa kwa pasi za timu.

Dhana: Yadi 1,000 ni alama ya nyota, enzi zote

Hapana. Katika mechi 14, zilizochezwa hadi 1977, yadi 1,000 zilihitaji wastani wa 71.4 kwa mechi. Katika mechi 16 ni 62.5. Tangu 2021 mechi ni 17, na 58.8 zinatosha. Misimu ya mgomo wa wachezaji ni balaa zaidi: 1982 zilichezwa mechi 9 tu, na 1987 zilikuwa 15. Arizona Cardinals wa 2008 husifiwa kwa wapokeaji watatu waliovuka 1,000. Ni kweli, lakini Steve Breaston alivuka kwa yadi 6, ilhali Anquan Boldin alifikisha 1,038 kwa mechi 12 tu. Ukiwapanga kwa jumla wanaonekana wamekaribiana, na hawakukaribiana hata kidogo.

Dhana: Hesabu wapokeaji wa pembeni, hao wengine ni wazuiaji

Ukifanya hivyo, Patriots wa 2011 watakuonyesha Welker (mara 122, yadi 1,569, tachidauni 9) na nyuma yake Deion Branch, ambaye alikuwa amerudi, kwa yadi 702. Utasema ni timu ya mtu mmoja. Lakini nguvu ya mwaka ule ilikuwa kwa wale warefu wanaopangwa mwishoni mwa ukuta, wanaozuia na kudaka pia, maarufu kama taiti endi. Rob Gronkowski alidaka mara 90 kwa yadi 1,327 na tachidauni 17. Aaron Hernandez mara 79, yadi 910, tachidauni 7. Brady alirusha pasi 611. Welker na hao wawili wanatoa 6.23 kwa kila pasi ya timu. Moss, Welker na Donté Stallworth wa 2007 (si yule John wa Steelers) wanatoa 5.82. Tachidauni ni 33 kwa 34.

Kwa hiyo kikosi cha 2011, ambacho hakina Moss wala mtu anayefanana naye, kilikuwa juu kidogo kwa yadi na sawa kwa tachidauni. Sisi bado tungemchukua Moss kama mechi moja ndiyo inaamua kila kitu, kwa sababu beki wa nyuma kabisa hawezi kumwacha hata hatua moja. Lakini hiyo ni ladha, si hesabu.

Dhana: Nyota kaondoka, pasi zimepanda, basi hakuwa kitu

Chiefs walimuuza mpokeaji wao nyota, Tyreek Hill, mwanzoni mwa 2022. Kwotabeki wao, Patrick Mahomes, akapanda kutoka yadi 4,839 hadi 5,250, na timu ikatwaa ubingwa. Watu wakahitimisha haraka. Hao hao hawakutazama upande wa pili: Hill, akiwa Miami, alipanda kutoka yadi 1,239 hadi 1,710. Wote wawili walipanda. Kisha msimu wa 2023 wapokeaji wa Chiefs wakadondosha mipira hovyo, Mahomes akashuka hadi yadi 4,183, na ubingwa wakautwaa tena. Kombe si kipimo cha wapokeaji. Mabeki wao ndio walioibeba timu mwaka ule.

Jina nalo lina mwaka wake. Oktoba 2010 Patriots walimwacha Moss aende baada ya mechi 4, na bado walimaliza wakiongoza ligi nzima kwa pointi walizofunga, 518. Yeye alipita timu tatu msimu huo na kuishia na yadi 393. Unapoandika jina kwenye orodha yako, andika na mwaka kando yake.

Dhana: Hesabu aliyodondosha, utamjua

Kudondosha si takwimu inayohesabiwa sawa na kila mtu. Mhesabuji mmoja ataandika kosa, mwingine atasema mpira ulikuwa mfupi. Mfano ni robo ya nne ya mechi ya mwisho ya msimu wa 2007, usiku wa 29 Desemba, dhidi ya New York Giants. Moss anakimbia upande wa kulia, amemwacha beki, lakini mpira wa Brady unakuja mfupi. Inabidi asimame, ageuke, aurudie. Unagonga mikono, unaanguka. Kosa la nani? Mchezo uliofuata mara moja, upande ule ule, mpira unakwenda mbali inavyotakiwa, Moss hapunguzi mwendo: yadi 65, tachidauni yake ya 23, ya 50 kwa Brady. Kwenye jedwali la waliodondosha, ule wa kwanza unasimama peke yake bila maelezo yoyote. Ule wa pili ni yadi 65 katika zile 1,493.