Usiniambie Sponji Yako Ni Laini

"Fundi, si sponji hii? Ibonyeze uone ilivyo laini. Itakwaruzaje rangi?"

Nimeambiwa tena juzi, na mwenye Harrier nyeusi aliyeleta gari nimwondolee mikwaruzo kwa mashine. Kazi hiyo naifanya, ndiyo inayonilisha. Lakini akirudi nyumbani kwenye sponji ileile, baada ya miezi michache boneti itakuwa vilevile, na awamu hiyo kilia, ule utando angavu unaofunika rangi, itakuwa imepungua. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mteja mmoja mmoja, kwa hiyo leo naliandika lote.

Sponji haikwaruzi. Kipande cha godoro hakikwaruzi. Fulana kuukuu haikwaruzi, na kiganja chako pia hakikwaruzi. Kinachokwaruza ni mchanga ulionaswa kati ya kifaa na rangi. Karatasi ya msasa nayo ni laini, unaweza kuikunja ukaitia mfukoni. Kinachokula rangi ni chembe zilizogandishwa juu yake. Kwa hiyo ukiwa dukani acha kubonyezabonyeza. Jiulize swali moja tu: chembe ikishang'oka kwenye rangi, kifaa hiki kitaipeleka wapi?

Mchanga wetu wa bara na pwani una kwatzi nyingi, madini magumu. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, ambapo namba kubwa hukwaruza ndogo, kwatzi ni 7, kioo cha dirisha ni kama 5.5, na tanzanaiti ni kati ya 6 na 7. Yaani vumbi lililoko kwenye mlango wako lina chembe zinazoweza kukwaruza jiwe la thamani, sembuse kilia, ambayo ni plastiki.

Tazama na ukubwa wake. Fundi rangi akitaka kulainisha kilia anashika msasa wa 1500 au 2000 (namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo), tena kwa maji. Chembe za msasa wa 2000 zina wastani wa maikroni 10, na maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Mchanga tunaouita mwembamba una chembe za maikroni 125 hadi 250, na hizo ni sawa na msasa wa namba 120 kwenda 60. Hakuna fundi rangi mwenye akili timamu atakayepitisha msasa wa 120 juu ya kilia iliyokamilika. Kijana wa kuosha magari anaupitisha kila Jumamosi akiwa na godoro mkononi, na mwenye gari amesimama pembeni anamlipa.

Kilia yenyewe, kwa gari lililotoka kiwandani, huwa na unene wa maikroni 40 hadi 50, pungufu ya unywele wa watu wengi. Kila nikipiga polishi ya kuondoa mikwaruzo napunguza maikroni chache. Na mengi ya magari yetu yametoka Japani yakiwa yametumika, yameshapigwa polishi huko kabla ya kuuzwa, hivyo unaanza na akiba ambayo mtu mwingine ameshaitumia. Kinga ya rangi dhidi ya jua imo ndani ya kilia hiyo. Ikiisha, jua letu halina msamaha: paa na boneti huanza kupauka, kisha kubabuka kwa mabaka, na hapo hakuna polishi itakayokusaidia. Utapeleka gari kwa fundi rangi.

Sasa nirudi kwenye hilo godoro, maana ndilo linaloniudhi kuliko vyote.

Godoro na sponji za kawaida zina uso bapa. Ukiziweka juu ya mlango na kubonyeza, uso wote unalala kwenye rangi. Chembe iliyong'oka haina pa kuingia. Inabaki hapo hapo katikati, inasukumwa kutoka nguzo ya mlango hadi taa ya nyuma, na kila ikijiviringisha inaacha mstari. Vitundu unavyoviona kwenye sponji vinakudanganya: vinanyonya maji vizuri, lakini ukishabonyeza kwa kiganja vinajifunga, na chembe inabaki nje. Zile chache zinazoingia hazitoki kirahisi ukikamulia ndani ya ndoo, kwa hiyo zinaingoja boneti.

Kisha kuna tabia. Godoro likianguka chini linaokotwa, linachovywa kwenye ndoo, linarudi kwenye gari. Hilohilo limetoka kuosha ringi, na vumbi la breki lina chembe za chuma. Limetumika kwenye lori la mchanga asubuhi, sasa liko kwenye Crown yako. Hata ungempa kijana huyo hariri, angekwaruza gari.

Kifaa kinachofaa ni chenye nyuzi ndefu: glavu ya maikrofaiba (nyuzi nyembamba sana za poliyesta na nailoni), ile yenye vishada vinene, au yenye manyoya marefu. Chembe ikinyanyuliwa inazama katikati ya nyuzi, mbali na rangi, na nyuzi zilizojaa maji ya sabuni ndizo zinazoteleza juu ya kilia. Maneno mawili muhimu hapo ni inazama na mbali. Glavu yenye nyuzi fupi kama za taulo la mkono haina faida hiyo hata kama imeandikwa maikrofaiba kwa herufi za dhahabu.

Glavu za manyoya ya kondoo nazo ni nzuri mno, na kwa kuzamisha chembe pengine zinashinda. Kwa Dar sizipendekezi. Unyevu wetu hauziachi zikauke, zinaanza kunuka, ngozi inakatika, na watu wakiona zimekatika wanarudi kwenye godoro. Brashi za mpini mrefu usizilete karibu na boneti, ziwe na nywele laini namna gani. Mpini unakunyima mguso, huhisi kwamba kuna kitu kigumu chini.

Namna ya kujua maikrofaiba ya kweli: pitisha kiganja kikavu, nyuzi zikamate kidogo kwenye ngozi ngumu ya vidole. Dondosha tone la maji, linywewe. Kitambaa kinachoteleza na kulisukuma tone ni poliyesta tupu. Na ile lebo iliyoshonwa pembeni ikate kabla ya kitu chochote, ni ngumu kuliko unavyodhani.

Glavu nzuri bila maji ya kutosha kabla yake ni kazi bure. Kwanza ondoa mchanga wote unaoweza kuondoka bila kuguswa: maji ya presha kutoka juu kwenda chini, kisha povu likae dakika chache bila kukaukia hapo, kisha maji tena. Kinachobaki ni ule utando mwembamba wa barabarani, na huo tu ndio kazi ya glavu. Anza paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango. Sehemu za chini na bampa la nyuma ziwe mwisho, kwa sababu huko ndiko mchanga ulikolala. Ringi na matairi yawe na kitambaa chao na ndoo yao. Osha kivulini. Sabuni ya unga ya kufulia inang'oa nta inayolinda rangi, tumia shampuu ya gari. Zaidi ya hapo sitabishana kuhusu sabuni, kazi yake kubwa hapa ni utelezi.

Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu: fanya, haigharimu kitu. Lakini nina shaka na faida yake kuliko wenzangu wanavyopenda kukiri. Gari likishapigwa maji vizuri, ndoo ya pili inaongeza usalama kidogo. Likiwa halijapigwa maji, ndoo ya pili haikuokoi, kwa sababu mkwaruzo unatokea kwenye mpito wa kwanza wa mkono, kabla hujairudia ndoo. Ule wavu wa kuweka ndani ya ndoo, kwenye kitako, unasaidia kwa mchanga mzito unaotuama. Vumbi jembamba linaelea ndani ya maji kwa muda mrefu, na wavu haulizuii.

Kwa wanaonunua maji kwa ndoo, wala hawana presha, nina njia ninayoiamini zaidi: ndoo moja na vitambaa vingi. Chukua vitambaa vya maikrofaiba vinene, kama kumi hivi, vitie vyote kwenye maji ya shampuu. Mwagia kwanza mlango maji kwa kopo, polepole, kuanzia juu. Toa kitambaa kimoja, kikunje mara nne, pitisha upande mmoja mara moja, geuza, pitisha upande mwingine. Pande zikiisha, kiweke kwenye beseni la vichafu. Hakirudi ndooni. Maji yanabaki safi hadi mwisho kwa sababu hakuna mchanga uliorudishwa humo. Ni vitambaa vingi vya kufua, ndiyo, lakini maji machache, na kwa gari ambalo halijatoka kwenye matope matokeo yake nayaona ni bora kuliko ya ndoo mbili zenye glavu moja.

Jingine linalonichosha ni duara. "Fundi, mimi sizungushi mkono, naosha kwa mistari, mbona naona miduara?" Mikwaruzo haiko duara. Iko kila upande, maelfu kwa maelfu. Ukimulika taa moja, ile inayokatiza mwanga tu ndiyo inayoakisi machoni pako, na hiyo inajipanga kuizunguka taa. Sogeza tochi, na duara linahama nayo. Mikwaruzo ya kweli haihami. Kuosha kwa mistari kunafanya mikwaruzo yako ielekee upande mmoja na ionekane kwa pembe chache zaidi, basi. Mimi mwenyewe naosha kwa mistari, hasa ili nijue nilipopita. Anayekuambia kwamba mistari ndiyo kinga anakupa tumaini la bure.

Na wewe mwenye gari jeupe au la fedha, usiwacheke wenye nyeusi. Mikwaruzo unayo ileile, ila rangi yako inaificha. Kilia yako inaisha vilevile.

Mafundi wengi watakuambia kilia ya Subaru ni laini na ya Mjerumani ni ngumu. Ninapopiga mashine nahisi tofauti kati ya gari na gari, hilo ni kweli. Lakini siamini kwamba jina la kampuni linatosha kukuongoza, maana kwenye gari moja nakuta boneti ngumu na bampa laini, kwa sababu bampa lilishapigwa rangi gereji baada ya kugongwa. Osha kila gari kana kwamba kilia yake ni laini.

Halafu kuna wanaoharibu gari bila hata kuliosha. Asubuhi mlinzi anachukua tambara kavu au dasta, anafuta vumbi la usiku ili bosi akitoka akute gari linang'aa. Anafanya kwa upendo kabisa, na sitaki umgombeze. Lakini vumbi kavu halina utelezi wowote, na kazi hiyo inafanyika kila siku, wakati kuosha ni mara moja kwa wiki. Magari mengi ninayoyapokea yakiwa na mikwaruzo mirefu iliyonyooka kwenye boneti na buti, nikiuliza, jibu ni dasta. Mwambie kaka yule aliache vumbi likae. Kama lazima gari litoke safi, alimwagie maji tu.

Kukausha ndiko wengi waliofanya vizuri wanakoharibu. Kile kitambaa cha mpira cha njano kinachouzwa ndani ya mkebe kina uso bapa kama sponji, na ukikiburuta unarudia kosa lilelile kwenye gari lililokwisha kuoshwa. Tumia taulo nene la maikrofaiba. Lilaze juu ya maji, lipapase, linyanyue. Likigoma kuteleza, usilivute kwa nguvu.

Vifaa vyenyewe vitunze. Vifue peke yake, mbali na nguo za pamba, kwa sababu vinanasa nyuzi zake. Usitie sabuni ya kulainishia nguo, inaziba nyuzi na kitambaa kinaacha kunyonya. Usivipige pasi, poliyesta inayeyuka ncha na kuwa ngumu. Vianike kivulini mahali pasipo na vumbi, na vikikauka viweke kwenye mfuko unaofungwa, si kwenye buti pamoja na jeki. Glavu ikianguka chini, iweke kando hadi ifuliwe, chukua nyingine. Ndiyo sababu nasema nunua mbili. Nyuzi zikianza kushikana na kuwa ngumu, ishushe cheo iende kwenye milango ya ndani na vizingiti, baadaye ringi, na mwisho matairi. Ikishagusa tairi isirudi tena kwenye rangi.