Residensi "iliyofadhiliwa" maana yake nini hasa

Matangazo haya ya residensi, yaani nafasi za msanii kwenda kukaa mahali na kufanya kazi yake kwa muda, yanazunguka kila wiki kwenye makundi ya wasap ya wasanii: residensi kisiwani, imefadhiliwa, mwisho wa kupokea maombi Ijumaa. Kuna picha ya minazi na maji ya buluu, chini yake kiungo cha fomu. Ukiifungua fomu na kuisoma mpaka mwisho, unakuta ada ya maombi, ada ya ushiriki kwa kila wiki, na sentensi moja inayosema msanii atajigharimia nauli, viza, bima na chakula. Aliyelisambaza tangazo hakuwa na nia mbaya, alilipokea hivyo akalipeleka hivyo. Lakini kijana wa Wete au Mikindani anayeliona neno "imefadhiliwa" anaelewa kwamba kuna mtu atalipa, na wapo wanaoishia kukopa ili wasiipoteze nafasi ambayo tangu mwanzo haikuwa na ufadhili wowote.

Residensi yenyewe haina utata mkubwa. Ni mpango ambao taasisi, au mtu mwenye nyumba na uwezo, humpa msanii mahali pa kulala na pa kufanyia kazi kwa muda maalumu, wiki chache au miezi kadhaa, ili ashughulike na sanaa yake bila kuvutwa huku na huku na mambo ya nyumbani. Mchoraji anaweza kuomba, na mwandishi, mpiga picha, mwanamuziki na mchongaji vilevile. Si shindano la zawadi wala si shule. Si maonyesho pia, ingawa mara nyingi mwishoni watu hualikwa kuona kilichofanyika. Na haimpi mtu kibali cha kuishi nchi ya watu.

Penye tatizo ni kwenye ufadhili. Kufadhiliwa ni mtu mwingine kubeba gharama, na gharama za residensi ni nyingi: malazi, studio, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, viza, bima ya afya, vifaa vya kazi, kusafirisha kazi zilizokamilika, na malipo ya msanii mwenyewe kwa muda wake. Mpango unaolipa vyote hivyo umefadhiliwa kikamilifu. Unaotoa nyumba na studio tu umefadhiliwa kwa sehemu. Unaomtoza msanii ada ya kukaa ni huduma ya kulipia, na hilo si kosa hata kidogo. Nyumba ya sanaa yenye tanuri la ufinyanzi au mashine ya kuchapia ina fundi wa kulipwa na bili ya umeme, na msanii mwenye pesa zake anaweza kufaidika sana hapo. Kosa ni kuiita imefadhiliwa. Hata orodha kubwa za kimataifa, kama ile ya Res Artis, mtandao wa mipango ya residensi, zinaweka mipango ya aina zote ukurasa mmoja, kwa hiyo kuikuta residensi kwenye orodha ya kuheshimika hakukuambii nani analipa.

Desturi hii kwa asili yake ilikwenda pamoja na pesa. Mwaka 1666 Colbert, waziri wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa, alianzisha chuo mjini Roma ambako wasanii vijana walitunzwa kwa hazina ya mfalme, nao wakafanya kazi ya kunakili sanamu za kale kwa ajili yake. Marekani, mtunzi Edward MacDowell na mkewe Marian, mpiga piano, walianzisha makao yao ya wasanii huko New Hampshire mwaka 1907. Mpaka leo watu wanakikumbuka kikapu cha hapo: chakula cha mchana kinaachwa mlangoni pa studio bila kubishwa hodi, ili aliyemo ndani asikatizwe. Nakipenda kikapu kile kwa sababu kinaonyesha kwamba kuna mtu aliyepika, mtu aliyebeba, na mtu aliyelipa, na hakuna kati yao aliyekuwa msanii anayekula.

Kuna na upande wa pili, na mfano wake mkubwa uko kisiwani. Mwaka 1891 mchoraji Paul Gauguin aliiomba serikali ya Ufaransa imtume Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, akachore watu na nchi. Akakubaliwa. Akapewa kazi rasmi yenye barua ya wizara, lakini isiyo na mshahara, pamoja na punguzo la nauli ya meli. Kwa maneno ya matangazo yetu, huyo "amefadhiliwa na serikali". Ukweli ni kwamba safari aliilipia mwenyewe: mwezi Februari mwaka huo aliuza picha zake kwenye mnada mjini Paris, na pesa za mnada ndizo zilizomfikisha Papeete, mji mkuu wa Tahiti, mwezi Juni. Zilipomwishia, ile barua haikumlisha. Mwaka 1893 alirudishwa Ufaransa kwa gharama ya serikali, kama mtu asiye na uwezo. (Alivyowatendea wasichana wadogo wa Tahiti ni jambo zito linalotaka makala yake, na msanii yeyote anayekwenda kuishi kwa wenyeji wa kisiwa analazimika kulijua.)

Barua ya aina ile bado inaandikwa. Inasema "tunayo furaha kukujulisha kwamba umechaguliwa", ina nembo na sahihi, na ina thamani yake ukifika ubalozini. Lakini afisa wa viza ataisoma, kisha atauliza nani anakugharimia, na ataomba taarifa ya benki. Kama barua haitaji anayelipa, akaunti itakayoangaliwa ni yako. Kuchaguliwa ni kitu kimoja, kufadhiliwa ni kingine, na mtu anaweza kupata cha kwanza bila cha pili.

Visiwani tofauti hii inauma zaidi kuliko bara. Kwanza safari. Msanii wa Tanzania anayekwenda Réunion, kwenye Bahari ya Hindi, anaweza kudhani viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, inatosha kwa kuwa kile ni kisiwa cha Ufaransa. Kwa kawaida haitoshi. Réunion haimo kwenye eneo la Schengen, na viza hutakiwa iwe imetolewa kwa ajili ya huko. Anayekwenda Karibea kwa ndege inayopitia Marekani atahitaji viza ya Marekani hata kama habanduki uwanja wa ndege, maana kule hata abiria wa kupita lazima aingie kwanza kupitia uhamiaji. Kwa hiyo "tunalipa viza" inaweza kuwa viza mbili, na ahadi inayotaja moja inamwacha msanii na nyingine.

Pili, vifaa. Unguja kipindi cha masika, kanvasi iliyoegemezwa ukutani inaanza kupata vidoa vyeusi vya ukungu upande wa nyuma, na misumari ya fremu inatoa kutu inayopenya kwenye kitambaa. Rangi ya mafuta inachelewa kukauka. Kamera na kinanda vinataka kufunikwa na kuwekwa pakavu, kwa sababu hewa ya chumvi inaingia kila mahali. Mpango unaosema "vifaa ni juu ya msanii" huenda unamwambia abebe kutoka kwao kitu ambacho kisiwani hakipatikani dukani, na akilipie uzito wa mzigo kwenda na kurudi.

Tatu, majira. Karibea vimbunga vina msimu wake, Juni mpaka Novemba, na kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba mpaka Aprili. Kisiwa cha Captiva, pwani ya Florida, kilikuwa na mojawapo ya residensi zilizosifika kwa kumtunza msanii, kwenye eneo alilokuwa akiishi na kufanya kazi msanii wa Marekani Robert Rauschenberg mpaka alipofariki mwaka 2008. Kimbunga Ian kilipopiga Septemba 2022, kilitua karibu kabisa na hapo. Mwombaji ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini: safari ikiahirishwa kwa hali ya hewa, tiketi mpya nani atanunua?

Sasa niseme linaloniudhi kuliko yote, nalo ni posho. Tunatumia neno moja kwa vitu viwili. Kuna pesa ya kujikimu, ambayo ni ya kula na nauli za hapo hapo, na inaisha kwa kuliwa. Halafu kuna malipo ya msanii, yaani pesa anayolipwa kwa muda na kazi yake. Mchoraji anayeuza picha zake Mji Mkongwe akifunga duka miezi miwili, kodi ya chumba chake haisimami, wala ada ya mtoto. Residensi inayomlisha huko aliko na kuiacha nyumba yake bila kitu haijamfadhili kikamilifu, hata kama chakula ni kizuri na dirisha linatazama bahari. Wapo wanaosema msanii ashukuru kwa kupewa muda. Muda huo ungekuwa na kipato kama angebaki kwake, na mfadhili makini analijua hilo ndiyo maana analiweka kwenye bajeti.

Wala malipo kamili si bure. Wengine watataka ufundishe watoto wa shule ya jirani, wengine waachiwe kazi moja, wengine ufungue studio kwa wageni siku ya mwisho. Hayo ni makubaliano ya kawaida, mradi yameandikwa, na mradi imeandikwa pia kwamba haki za kazi zinabaki kwako. Ada ndogo ya maombi nayo hukutwa hata kwenye mipango inayolipa kila kitu baadaye. Baadhi huisamehe kwa wanaoomba kutoka nchi zetu, kwa hiyo waandikie uombe.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotusambazia nafasi, msiache, maana wengi wetu bila nyinyi tusingezisikia. Ila pale mlipozoea kuandika "imefadhiliwa", andikeni kinacholipwa: "malazi na studio bure, chakula na nauli unajitegemea", au "kila kitu kinalipwa pamoja na malipo ya msanii". Na kama tangazo halisemi nani analipa nauli, andikeni "nauli haijatajwa", mwombaji awaulize wenyewe kabla hajaanza kujaza fomu.