Je, wajua kwa nini mapu, ule muundo wa programu unaohifadhi kila taarifa chini ya ufunguo wake (mfano jina), hupata kitu bila kukitafuta?

Chukua programu ya duka la vipuri pale Darajani, yenye orodha ya wateja 5,000. Fungua edita, yaani programu ya kuandikia msimbo, igeuze orodha kuwa mapu, na kumpata mteja mmoja kunakuwa chapuchapu. Kwa nini?

Kwa miaka nilikuwa nikijibu, tena kifua mbele, kwamba mapu imepangwa kialfabeti. Sivyo hata kidogo. Nalilaumu jina: lugha ya programu ya Python huiita mapu "kamusi", na kamusi tuliyoizoea huanza na A. Hii haijali A wala Z. Tangu toleo la 3.7 huyatoa majina kwa mfuatano ulioyaingiza, na mfuatano huo hausaidii kitu katika kutafuta. HashMap, yaani mapu ya lugha ya Java, ndiyo haiahidi mfuatano wowote. Na hata ingepangwa kialfabeti, kukata majina 5,000 nusu kwa nusu kungetaka ulinganishe hadi mara 13. Mapu kwa kawaida hulinganisha mara moja au mbili.

Fikiria mlango wa msikiti siku ya Ijumaa. Viatu rundo, unatoka, unapekua ndara moja moja. Hiyo ndiyo orodha. Sasa weka rafu ya mashubaka 16, na sharti moja: geuza herufi za jina lako kuwa namba, igawe kwa 16, kinachobaki ndilo shubaka lako. Ukitoka hupekui, unapiga hesabu ileile na kwenda moja kwa moja. Hesabu hiyo ni hashi, wazo aliloliandika Hans Peter Luhn wa IBM mwaka 1953. Wawili wakiangukia shubaka moja, mnatazamana na jozi mbili tu. Na jozi zikizidi 12, HashMap huongeza mashubaka yawe 32 na kuvigawa viatu upya.

Kwa vitu kumi hivi huenda usione tofauti. Pengine orodha ikashinda, maana hesabu nayo ina gharama.

Edita hukubadilishia jina la kigeu (kihifadhi cha thamani ndani ya programu) kila lilipo. Haikwambii kwamba mapu haipokei funguo mbili zinazofanana. Mimi nilifanya jina la mteja kuwa ufunguo, wateja wakapungua. Unguja hii akina Juma Khamis ni wangapi? Wa Jang'ombe alimfuta wa Bububu, pamoja na deni lake. Siku hizi ufunguo ni namba ya simu.