Oksidi ikizidi haichafui chumvi. Asidi ndiyo huichafua

"Usizidishe oksidi, utachafua chumvi." Kauli hii hurudi karibu kila mara kopa(II) salfeti, chumvi ya buluu, inapotengenezwa maabara kwa kumenyusha asidi ya salfuriki na kopa(II) oksidi, unga mweusi, na anayeisema ameipindua kazi nzima miguu juu.

Kopa(II) oksidi haiyeyuki katika maji. Ikizidi, hutuama chini ya bika, na karatasi ya kuchujia huizuia yote. Asidi ikizidi haina cha kuizuia. Hupita pamoja na chumvi, wala huioni. Unapovukiza, maji huondoka, lakini asidi ya salfuriki huchemka kwenye nyuzijoto zaidi ya 300 za Selsiasi, kwa hiyo hubaki na kuzidi kuwa kali. Mwishoni unapata fuwele zenye utelezi, hazikauki ng'o, na zinaunguza vidole. Kinachotakiwa kuisha ni asidi.

Sentimita za ujazo 25 za asidi ya salfuriki yenye moli 1 kwa lita hutumia gramu 2.0 za oksidi. Pima 2.5. Wapo wanaopima 2.0 barabara wakidhani ndiyo usahihi. Unga ukiganda chini au ukishika kwenye kijiko, asidi imebaki. Pasha asidi hadi nyuzi 60 au 70 bila kuichemsha, tia oksidi kidogo kidogo, koroga. Rangi isikudanganye: buluu hutokea tangu kijiko cha kwanza, asidi ikiwa bado tele. Simama pale tu unga mweusi unapobaki hata baada ya kukoroga dakika kadhaa mchanganyiko ukiwa moto. Litmasi, karatasi ya kupimia asidi, nayo haitakusaidia, kwani mmumunyo wa kopa salfeti wenyewe una uasidi kidogo. Karatasi ya buluu itageuka nyekundu hata kama asidi imekwisha yote. Ukitumia kopa kabonati badala ya oksidi mambo ni mepesi zaidi: mapovu yakikoma na unga ukabaki, umefika, na huhitaji hata moto.

"Chumvi ni ile iliyobaki kwenye karatasi." Sivyo. Hiyo ni oksidi ya ziada. Chumvi imo kwenye mchujo, yaani maji yaliyopita kwenye karatasi, ule ambao kuna watu huumwaga kwenye sinki. Mchujo ukiwa na weusi, karatasi imetoboka, chuja tena.

"Vukiza mpaka maji yaishe." Hapa ndipo fuwele nzuri zinapokufa. Buluu ile inategemea maji ya fuwele, molekuli tano kwa kila kopa salfeti moja; ukikausha kwa moto unapata unga mweupe, tena unaoruka nje ya bakuli. Lakini usipovukiza kabisa pia hupati kitu, kwa sababu maji yale ya mwanzo yanatosha kuishikilia chumvi yote hata ikipoa. Punguza hadi karibu nusu, kisha chovya kijiti cha kioo na ukipulize: vifuwele vikijitokeza, zima moto. Funika bakuli kwa karatasi yenye matundu, uliache siku moja au mbili bila kulitikisa. Ukiharakisha kupoza, fuwele huwa ndogo ndogo. Zisuuze kwa maji baridi machache sana, maana mengi yataziyeyusha, halafu zikaushe kati ya karatasi za kuchujia.

"Besi yoyote isiyoyeyuka inakubali asidi yoyote." Besi ni kitu kinachomaliza asidi, kama oksidi ile. Lakini jaribu ledi oksidi na asidi ya salfuriki uone: ledi salfeti haiyeyuki, hufunika chembe za oksidi kama ganda, na mmenyuko husimama nusu njia. Tumia asidi ya nitriki, upate ledi nitrati.

Na kipande cha metali ya kopa hakifai kushika nafasi ya oksidi. Hakimenyuki na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, hata ukipashe asubuhi hadi jioni.

Kwa asidi ile ya sentimita za ujazo 25, fuwele haziwezi kuzidi gramu 6.2. Mizani ikisoma 7, usishangilie. Zirudishe kwenye karatasi, bado zimelowa.