Kabla ya amina, muulize mgonjwa

Mimi ni daktari wa usingizi. Kwa lugha ya wagonjwa wangu, ni "yule wa nusu kaputi". Nafanya kazi Moshi, na kila mwaka huchukua likizo ya wiki mbili nikajiunga na timu ya huduma ya kanisa: wapasuaji wachache kutoka Marekani, manesi wa kwetu na mchungaji mmoja. Tunakaribishwa na hospitali ndogo ya misheni huku mlimani, tunapasua ngiri na rovu, na kila mgonjwa huombewa kabla ya kulala.

Wenzangu wengi hufumba macho wakaanza kuomba papo hapo. Mimi huwasihi wasubiri, kwanza tumuulize mgonjwa anataka tumwombee nini.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mama mmoja wa rovu, mtu mzima, presha yake 190/112. Sista akasema ni woga wa thieta, na kweli woga huipandisha. Nikamshika mkono: "Mama, tukuombee nini?" Akajibu polepole, "Mniombee presha isirudi, baba. Niliombewa ibadani nikaambiwa nimepona, nikaacha vidonge. Hii ni wiki ya tatu." Asubuhi alipoulizwa kama anatumia dawa yoyote, alijibu hatumii. Hakudanganya.

Hilo kwangu ni jambo zito. Mishipa iliyozoea presha ya juu haivumilii dawa za usingizi: presha huporomoka ghafla, na figo, moyo na ubongo hukosa damu ya kutosha. Dakika chache kabla au baada ya hapo, mpira wa kupumulia unapoingizwa kooni, presha hiyohiyo huweza kuruka juu ikapasua mshipa kichwani. Tukaahirisha. Mpasuaji mgeni alisikitika, maana ndege yake ilikuwa Jumamosi. Tulimwombea mama, tukamrudishia vidonge vyake, na mchungaji wetu akakaa naye karibu saa nzima akimweleza kwamba kumeza kidonge si kukosa imani. Maneno hayo yangetoka kwangu yasingepokelewa vile.

Watu huniuliza kama maombi yenyewe hupunguza madhara ya upasuaji. Mwaka 2006 ulichapishwa Marekani utafiti wa wagonjwa wapatao 1,800 wa upasuaji wa mishipa ya moyo. Kati ya wale ambao hawakujua kama wanaombewa, walioombewa walipata matatizo kwa asilimia 52 na wasioombewa 51. Waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walifika 59. Siusomi kama hukumu juu ya Mungu. Ulipima maombi ya watu wasiomjua mgonjwa. Ila umenifundisha kuangalia namna tunavyomkusanyikia mtu kitandani, asije akadhani hali yake ni mbaya kuliko alivyoambiwa.

Kinachopunguza vifo kinajulikana. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali 8, mojawapo ile ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, hospitali ya misheni kama hizi zetu. Matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwetu amina ikishatamkwa, orodha inasomwa kwa sauti, na hakuna anayegusa kisu kabla haijaisha.

Mgonjwa Mwislamu namuuliza vilevile. Wengi husoma dua yao nasi tukanyamaza. Asiyetaka haombewi, na huduma ni ileile.

Sisi wa kaskazini hatujasahau kikombe cha Loliondo, 2011, dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu iliyosemwa kuponya magonjwa sugu. Kwa shilingi 500 watu walikunywa kule Samunge, na wapo waliotolewa vitandani hospitalini kwenda kupanga foleni, wengine wakaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo neno "umepona" hunitia hofu likitamkwa na mtu ambaye hajapima.

Mama yule alirudi baada ya wiki sita, presha 138/84. Wageni walikuwa wameshaondoka zamani. Alipasuliwa na daktari wa hospitali ileile, ambaye alikuwa amesimama kama msaidizi wao siku zote zile. Nilipanda kwenda kumlaza mwenyewe. Nilipomuuliza tumwombee nini safari hii, alimtazama yule kijana aliyekuwa akivaa glavu, akasema, "Huyu mwanangu. Mkono wake utulie."